Tuta la Nyumbani na Tuta la Sokoni

Leo nataka kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wetu twalijua, lakini hatupendi kulisema mbele ya watu.

Ukizunguka katika mashamba ya mboga, tangu Runyenjes mpaka Nkubu, na tangu Mitunguu mpaka Kibirichia, utaona kwa wakulima wengi matuta mawili ya sukuma wiki. La kwanza ni kubwa, liko karibu na mfereji wa maji, na majani yake ni mapana yasiyo na hata tundu moja. La pili ni dogo, liko nyuma ya jiko, na majani yake yametobolewa hapa na pale. Lile kubwa ni la sokoni, nalo hupigwa dawa ya dukani kila wiki. Lile dogo ni la nyumbani, nalo halipigwi dawa hata kidogo, maana ndilo wanalolila watoto.

Mimi pia nilikuwa na matuta hayo mawili kwa miaka mingi, wala sikuona kwamba ni jambo la kufikiriwa. Halafu siku moja nilikuwa nimebeba pampu mgongoni, na upepo ulikuwa ukivuma kuelekea jikoni. Mke wangu akatoka, akasimama kando ya mtaro, akaniambia, "Mzee, hiyo pampu yako isivuke mtaro huu." Nikamwuliza kuna nini. Akajibu, "Huku wanakula watoto."

Nilirudi upande wangu nikaendelea na kazi. Lakini usiku ule nilijiuliza swali ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: je, wale wanaonunua mboga zangu pale sokoni Embu, wao hawana watoto?

Haya basi ndiyo maoni yangu. Chakula ambacho mkulima hathubutu kumpa mtoto wake, haifai akiuze. Nasi tunaolima mboga katika sehemu hizi tunayo njia ya kuyafanya matuta mawili yawe moja, maana mimea yenye nguvu ya kuzuia wadudu inaota karibu nasi, mingine mlimani na mingine bondeni. Lakini njia hiyo itatufaa tu tukiacha makosa mawili. Kosa la kwanza ni kuidharau dawa ya mimea na kuiita dawa ya maskini. Kosa la pili ni kuiamini kupita kiasi na kudhani kwamba kwa kuwa imetoka kwenye jani basi haina madhara. Dawa ya mimea ni dawa. Ina kipimo chake, ina saa yake, ina adui zake inaowaweza na wengine isiowaweza.

Dawa ya dukani ilijifunza kwa ua

Wale wanaodharau dawa za mimea yafaa wakumbuke habari ya pareto. Zao hili liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miaka mingi Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuliuza. Katika sehemu za baridi za Meru, wazee wengi bado wanakumbuka kuchuma maua yale meupe, kuyaanika na kuyapeleka kupimwa. Nguvu yake ilikuwa ndani ya ua, nayo humwangusha mdudu upesi sana. Udhaifu wake ni kwamba jua huiharibu kwa muda mfupi.

Mwaka 1973 wataalamu wa kituo cha Rothamsted huko Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitangaza dawa iitwayo permethrini. Dawa hiyo hutengenezwa kiwandani kwa kuiga nguvu ya pareto, lakini jua haliimalizi upesi. Tangu hapo zimetengenezwa nyingine nyingi za ukoo ule ule, na nyingi ya hizo chupa tunazonunua madukani kwa ajili ya viwavi na vidukari ni za ukoo huo. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mmea hauwezi kuua mdudu, huku ameshika chupa ya namna hiyo mkononi, hajui alichokishika.

Sasa tazama tofauti. Dawa ya kiwandani hukaa juu ya jani siku nyingi. Hiyo ndiyo sifa yake, na hilo ndilo tatizo lake. Ikiwa inaendelea kumwua kiwavi siku ya tano, maana yake ni kwamba siku ya tano bado ipo kwenye jani. Mkulima aliyepiga dawa Jumanne na kuchuma Alhamisi amemwuzia mtu mboga pamoja na dawa. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa huonyesha siku za kungojea kabla ya kuvuna, lakini ni wangapi kati yetu huisoma, na ni wangapi huiheshimu mnunuzi anapofika na gari lake na pesa mkononi?

Wakulima wa maharagwe mabichi ya kupeleka ng'ambo, ambayo sisi huyaita mishiri, wanajua mwisho wa mambo hayo. Katika maharagwe na njegere za Kenya zilizofika Ulaya yalionekana mabaki ya dawa iitwayo dimethoati kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kuanzia Januari 2013, Umoja wa Ulaya ukaagiza mzigo mmoja katika kila kumi upimwe. Kupima kunakula pesa na kunakula siku, na mishiri haingoji. Hasara ya mambo ya namna hiyo humrudia yule aliyeinama shambani, hata kama yeye binafsi hakukosa.

Na zaidi ya hayo, wadudu wenyewe hujifunza. Wako viwavi wadogo wa kijani wanaotoboa kabeji na sukuma wiki, ambao mzazi wao ni nondo mdogo wa kijivu mwenye alama kama almasi mgongoni. Tangu mwaka 1953 ilitolewa taarifa kutoka Java kwamba viwavi hao hawafi tena kwa DDT. Baada ya hapo wameshinda dawa nyingi za kila namna katika nchi nyingi. Mkulima anayepiga dawa ile ile kila wiki anawaua walio dhaifu na kuwaachia shamba walio sugu.

Jinsi nilivyokosea

Baada ya maneno ya mke wangu niliamua kujaribu mwarobaini. Mti huu haustawi huku kwetu juu, lakini huko chini, katika Mbeere na Tharaka, unaota vizuri. Nikaletewa gunia la majani. Nikayaponda bila kupima, nikayatia ndani ya pipa, nikaliacha juani siku tatu mpaka likatoa harufu mbaya, kisha nikapiga sukuma wiki saa sita mchana. Kesho yake nikaenda kutazama. Vidukari walikuwa wazima. Nikasema mwarobaini ni uongo, nikarudi dukani.

Baadaye afisa wa kilimo alinionyesha kwamba hapakuwa na hata jambo moja nililolifanya sawasawa. Kwanza, nguvu kubwa ya mwarobaini imo katika mbegu, si katika jani. Pili, jua na siku nyingi ndani ya maji huiharibu nguvu hiyo. Tatu, nilipiga juu ya majani tu, na vidukari hukaa chini ya jani. Nne, nilitaka wadudu wafe kesho yake, na mwarobaini haufanyi kazi hivyo.

Mwarobaini hauui kwa ghafula kama pareto. Humfanya mdudu achukie chakula chake, na kiwavi akila kidogo hushindwa kujivua ngozi yake ili akue. Hubaki juu ya jani akiwa mzembe, halafu hufa baada ya siku kadhaa. Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu Mjerumani aitwaye Heinrich Schmutterer aliona nzige wakimaliza majani ya miti mingine huku wakiuacha mwarobaini. Tangu wakati ule wataalamu wameuchunguza sana mti huu, na hapa kwetu kazi hiyo ilifanywa pia na kituo cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Kwa hiyo mkulima asihesabu wadudu waliokufa kesho yake. Atazame kama kuna matundu mapya kwenye majani baada ya siku tatu au nne.

Njia ninayoifuata sasa ni hii. Matunda yaliyoiva, yenye rangi ya manjano, huokotwa, nyama yake ikatolewa, na mbegu zikaoshwa na kuanikwa kivulini mahali penye hewa. Mbegu zilizoota ukungu hutupwa. Zilizo nzuri huwekwa ndani ya kikapu au gunia la katani, si ndani ya mfuko wa plastiki, maana humo huoza. Siku ya kazi hubanguliwa, na kiini chake kikatwangwa katika kinu ambacho hakitumiki kwa chakula. Kipimo ni gramu 50 za kiini kilichotwangwa kwa kila lita 1 ya maji, yaani kilo 1 kwa pampu ya lita 20. Unga huo hufungwa ndani ya kitambaa na kulowekwa usiku mmoja, kisha hukamuliwa na kuchujwa vizuri ili pampu isizibe. Sabuni kidogo ya kufulia hutiwa ili dawa ishike kwenye jani. Hupigwa jioni ya siku ile ile, na zaidi chini ya majani. Kama wadudu wangalipo, hurudiwa baada ya siku saba, na mvua kubwa ikinyesha hurudiwa mapema zaidi.

Jambo jingine nililojifunza ni kuchuma kwanza, ndipo nipige dawa jioni yake. Hivyo dawa inapata wiki nzima ya jua na hewa kabla ya uchumaji mwingine. Wala maji ya mwarobaini si ya kunywa, na chombo chake si cha kuchotea maji ya nyumbani.

Kilichotoka kwenye jani chaweza kuua

Sasa nageuka kwa wale wanaosema, "Hii ni ya mimea, haina neno." Ndugu zangu, sumu kali nyingi zimetoka kwenye mimea.

Chukua tumbaku. Wako wanaochemsha tumbaku na kupiga maji yake kwenye nyanya. Ni kweli huua vidukari. Lakini sumu ya tumbaku hupita kwenye ngozi ya mtu, nayo yaweza kumletea kizunguzungu, kutapika na hatari ya maisha. Tena tumbaku yaweza kuwa na ugonjwa wa virusi unaoingia kwenye nyanya na pilipili, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Mtu anadhani anatibu nyanya, kumbe anazitia ugonjwa. Mimi nasema tumbaku iachwe kabisa kwenye mboga.

Chukua tena utupa, mmea ambao watu wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki waliutumia tangu zamani kulewesha samaki. Majaribio ya maharagwe yaliyofanywa kaskazini mwa Tanzania, ambayo habari yake ilichapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba utupa na mimea mingine ya pembeni mwa shamba, kama alizeti mwitu, iliweza kuzuia wadudu. Mavuno yalikaribiana na ya maharagwe yaliyopigwa dawa ya dukani, na wadudu marafiki wa mkulima hawakudhurika kama kwa dawa ya dukani. Hiyo ni habari njema. Lakini sumu iliyomo katika utupa, iitwayo rotenoni, ilikatazwa mashambani na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2008. Kwa hiyo mwenye mishiri ya kupeleka ng'ambo asiuguse, na mwenye mboga za majani asiupige karibu na kuchuma. Wala pampu yenye utupa isisafishwe mtoni. Mwenye kumwaga maji yake katika Rupingazi au Kathita anaua samaki na kuwakosea wote wanaochota chini yake.

Tena si kila utupa una nguvu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mmea huu una aina mbili zinazofanana kwa macho, moja yenye rotenoni na nyingine isiyo nayo, na wakulima wa Malawi walikuwa wamepanda zote mbili. Aliyepata ile tupu alipoteza jasho lake bure. Hapa ndipo tunapoona kwamba kubahatisha hakufai. Jirani yako akikuambia mmea fulani umemfaa, nawe ukaona haukukufaa, huenda wote wawili mnasema kweli.

Hata pareto, ambayo nimeisifu, huua nyuki kama inavyoua viwavi. Ndiyo maana hupigwa jioni, nyuki wakiisha kurudi mizingani. Na atakayepiga pilipili afunike macho na pua, maana upepo ukigeuka ataomba maji.

Dawa hizi haziwezi kila kitu

Yafaa pia kusema wazi mahali ambapo dawa za mimea hushindwa, ili mtu asipoteze shamba lake kwa matumaini.

Mwaka 2014 aliingia Kenya mdudu wa nyanya aitwaye Tuta absoluta, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtoto wake huishi ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa nyingi hazimfikii. Kumpiga huyo kwa maji ya majani peke yake ni kazi bure. Kwake inatakiwa mitego yenye harufu ya jike, kuondoa na kuzika majani na matunda yaliyoingiliwa, na kutopanda nyanya juu ya nyanya, wala viazi baada ya nyanya. Mwarobaini waweza kusaidia, lakini kama mmoja wa wafanyakazi, si kama mwenye shamba.

Tena baka jeusi la viazi na nyanya, lile linalokuja na ukungu na mvua, si mdudu. Ni ugonjwa. Mkulima wa Kibirichia anayeona viazi vyake vimeungua baada ya siku mbili za mvua, asikimbilie dawa ya wadudu ya namna yoyote, ya jani au ya chupa.

Na hasa, dawa za mimea zinataka mkulima anayetembea shambani mwake. Viwavi wadogo wa juzi waweza kuzuiliwa. Viwavi wakubwa wa wiki mbili, waliokwisha kula kabeji mpaka moyoni, hao wamekwisha kushinda. Pita kila baada ya siku mbili au tatu, geuza majani, tazama chini yake. Ukiona mayai, yaponde kwa kidole. Ukiona vidukari pamoja na mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi, ngoja kwanza, maana hao wekundu na watoto wao wanakula vidukari. ICIPE ilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo anayetaga ndani ya wale viwavi wa kabeji, akaachiliwa mwaka 2002 kwanza katika milima ya Taita na nyanda za juu karibu na Limuru, naye akapunguza hasara. Mdudu kama huyo ni mfanyakazi asiyedai mshahara. Mkulima anayepiga dawa kali kila wiki anamfukuza kazini.

Mlima na bonde

Wako watakaoniuliza, "Mzee, hiyo kazi ya kutwanga na kuchuja ni ya nani? Mimi nina nusu eka na watoto wako shuleni." Hilo ni swali la haki, wala sitalijibu kwa mahubiri. Ni kazi, na mara nyingi inawaangukia akina mama, ambao tayari wana kuni, maji na jiko. Tukisema dawa ya mimea ni ya bure, tumesahau kuhesabu mikono yao. Ndiyo maana sioni kwamba jambo hili ni la mtu mmoja mmoja tu.

Bonde letu lina mwarobaini. Kule Siakago, Ishiara na Tharaka matunda huanguka chini yakaoza. Huko pia kuna mukau, mti wa ukoo mmoja na mwarobaini, ambao uchunguzi uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba maji ya matunda yake huwafanya nzige wasile. Mlima wetu una baridi ya kukuza pareto. Tangu zamani watu wa mlimani na wa bondeni wamekuwa wakipelekeana vyakula: ndizi na viazi vikateremka, pojo na wimbi na asali vikapanda. Kwa nini mbegu za mwarobaini zilizokauka vizuri zisipande kwa gari lile lile? Kikundi cha mboga cha Manyatta au Githongo chaweza kununua magunia machache kwa pamoja, kikawa na kinu kimoja, na siku moja ya kazi kila wiki. Kazi ya watu ishirini ikifanywa pamoja si mzigo wa mama mmoja.

Lakini hapo panatakiwa sheria na vipimo. Haifai mtu kuchemsha majani, kuyatia ndani ya chupa za soda na kuwauzia wenzake. Dawa yoyote ya wadudu inayouzwa ni lazima iandikishwe na bodi ya serikali ijulikanayo kwa kifupi kama PCPB, na sheria hiyo ni ya kutulinda sisi. Zipo dawa za mwarobaini na za pareto zilizoandikishwa, nazo zinauzwa madukani. Asiye na nafasi ya kutwanga na anunue hizo, asome karatasi yake. Mwenye mkataba wa kuuza ng'ambo asitumie dawa ya kujitengenezea kabla ya kumwuliza mnunuzi wake, na kila anachopiga akiandike katika daftari.

Na kwa serikali zetu za Kaunti ya Embu, ya Meru na ya Tharaka Nithi nina ombi moja. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo pale Embu, na vyuo vikuu katika Embu, Chuka na Meru. Wakulima wawe na mahali pa kupeleka mbegu na majani yao yakapimwe nguvu, wapewe jibu kwa lugha wanayoielewa, na kipimo kwa debe na kwa kijiko. Afisa wa kilimo anayefika shambani asituambie tu "tumieni mimea." Atuambie mmea gani, kiasi gani, kwa mdudu gani, na siku ngapi kabla ya kuchuma. Akishindwa kutuambia hayo, tutabaki na pipa la majani yaliyooza, kama lile langu.

Bei nayo ni jambo. Mnunuzi sokoni hulipenda jani lisilo na tundu. Kwa muda mrefu tumemfundisha kwamba tundu ni aibu. Sasa inatupasa kumfundisha tena, na hilo haliwezekani kwa maneno matupu. Mimi huwaambia wateja wangu, "Hili ndilo jani nililowapa wajukuu wangu jana." Wengine hucheka wakaenda kwa jirani. Wengine wamerudi, nao hurudi kila wiki.

Sisemi kila mtu atupe chupa zake leo. Anza na mstari mmoja. Chukua tuta moja la sukuma wiki, ligawe mara mbili, upande mmoja mwarobaini wenye kipimo, upande wa pili kama ulivyozoea. Andika tarehe, andika gharama, pamoja na saa za kazi. Hesabu majani uliyochuma kila upande kwa miezi miwili. Usinisadiki mimi, sadiki daftari lako. Na kama umeona mwarobaini haukutosha kwa mdudu fulani, ukalazimika kupiga dawa ya dukani, basi iwe iliyoandikishwa, kwa kipimo kilichoandikwa, na siku za kungojea zitimie zote, hata kama gari la mnunuzi linapiga honi barabarani.

Kwangu mimi, lile tuta la nyuma ya jiko sasa lina vitunguu. Sukuma wiki yote ni moja, nayo iko upande huu wa mtaro. Jioni mke wangu huingia humo humo na kisu chake, akakata majani ya ugali, na asubuhi nami nakata ya sokoni katika mistari ile ile. Yamo matundu machache. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya tundu la kiwavi.